Kukaribia Kustaafu kwa Unyenyekevu na Shukrani: Mwongozo Kamili kwa Muumini wa Nairobi

Mtumishi wa umma nchini Kenya huijua tarehe yake ya kuondoka kazini miaka mingi kabla. Kwa kawaida ni siku anayotimiza miaka 60, au 65 akiwa mtu anayeishi na ulemavu. Majaji, kwa Katiba ya 2010, huenda hadi 70. Katika kampuni za watu binafsi mkataba wako ndio husema, ingawa NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, hulipa mtu akifika 60, au kuanzia 50 akistaafu mapema. Hakuna basi anayeweza kudai alishtukizwa. Lakini angalia jinsi wengi wanavyoondoka: mmoja ana kinyongo na ofisi, mwingine anajigamba mpaka siku ya mwisho, mwingine anajifungia nyumbani Buruburu au Lang'ata asionekane hata kanisani.

Ninachoshikilia katika mwongozo huu ni kwamba mvi haziji na unyenyekevu, na uzee hauji na shukrani. Hivyo viwili vina kazi zake, na ni kazi za kufanywa ukiwa bado na kitambulisho cha ofisi shingoni. Kuna watu wa kuendea, madeni ya kulipa, funguo za kukabidhi, na hesabu za kufungua mbele ya mke au mume. Imani ndiyo inayokupa sababu ya kuzifanya hata pale ambapo hakuna atakayekupigia makofi.

Mimi ni Mkristo, na mifano yangu mingi inatoka kwenye Biblia. Ila ofisi za Nairobi ni za mchanganyiko, na Mwislamu atayakuta mengi ya haya katika dini yake pia, kwa hiyo nimemwachia nafasi pale ninapoweza. Nimempangia mtu aliyebakiza kama miaka miwili. Ukiwa umebakiza miezi tu, anza na hatua ya pili na ya nne, kwa sababu hizo ndizo zinazohitaji muda wa watu wengine, na muda wa watu wengine hauko mkononi mwako.

Kwanza, ujue unapambana na nini

Kiburi cha mtu wa miaka 58 hakifanani na cha kijana. Kijana hujivunia anakokwenda. Mtu mzima hung'ang'ania alipofika, kwa sababu anahofia kwamba akiachia hatakuwa mtu tena. Ndiyo maana mtu aliyekuwa mpole miaka yote huanza ghafla kutaja cheo chake benki, hospitalini, hata kwa kondakta wa matatu.

Kumbukumbu la Torati sura ya 8 inawaonya Waisraeli kuhusu jambo hili hasa. Mkishakula na kushiba na kujenga nyumba nzuri, wanaambiwa, msije mkasema moyoni kwamba ni nguvu za mikono yenu zilizowapatia utajiri. Kurani, katika Sura Al-Qasas, ina habari za Qaruni, aliyesema mali yake ameipata kwa elimu aliyo nayo, kisha ardhi ikamdidimiza pamoja na nyumba yake. Vitabu viwili, na sentensi inayokatazwa ni ileile: nimejifikisha mwenyewe.

Kwa hiyo dawa inaanzia hapo, kwenye hesabu sahihi ya nani alikufikisha.

Hatua ya kwanza: andika uliyopokea

Nunua daftari la kawaida. Usiandike mafanikio yako. Hayo yako kwenye wasifu wako na yataandikwa tena kwenye kadi ya kuagwa. Andika ulichopewa na watu, na majina yao.

Ugawe umri wako vipande. Shuleni: nani alilipa karo ulipofukuzwa? Nani aliuza mbuzi? Ukiwa wa kizazi kilichosomeshwa kwa harambee, andika majina ya waliotoa, hata yule aliyetoa shilingi ishirini. Kufika Nairobi: ulilala kwa nani miezi ya kwanza? Wengi wetu tulipokewa na mjomba au binamu mwenye chumba kimoja Makongeni, Jericho au Kariobangi, tukala ugali wake na kutumia maji yake, na tangu tupate nyumba yetu hatujamuuliza hali. Kazini: nani alikufundisha, nani alifunika makosa yako, nani alikushikia zamu mtoto alipolazwa? Usimsahau tarishi aliyekupenyezea habari kwamba nafasi imetangazwa. Nyumbani: nani alilea watoto wako ulipokuwa ukisafiri kikazi? Jina la yule dada wa kazi, lake hasa, unalikumbuka?

Usiimalize kwa usiku mmoja. Iache daftari karibu na Biblia au msahafu, uongeze jina kila linapokujia. Mtume Paulo anawauliza Wakorintho, "Nawe una nini usichokipokea?" Baada ya kurasa kadhaa swali hilo linaacha kuwa la mahubiri. Linakuwa la hesabu, na jibu lake limeandikwa kwa mwandiko wako.

Kisha uwaendee walio hai. Simu inatosha kwa walio mbali, lakini aliyekulisha anastahili miguu yako. Nenda na kifurushi cha kawaida: sukari, majani ya chai, unga, labda leso au blanketi. Usiende na mpiga picha. Usipeleke bahasha nene ya kumfanya aone kwamba umelipa deni na mmemalizana. Ukishaketi, sema jambo moja mahususi: "Mwaka ule niliofukuzwa shuleni wewe ndiye ulinirudisha. Sikuwahi kukushukuru." Halafu nyamaza, umwache aongee. Mara nyingi atakuambia sehemu ya kisa ambayo hukuijua, na aghalabu utagundua ilimgharimu zaidi ya ulivyodhani.

Aliyefariki ana watoto. Wapigie uwaambie baba yao au mama yao alikufanyia nini. Sijaona zawadi inayopokewa kwa furaha kama hiyo, na haina bei.

Hatua ya pili: simama pale aliposimama Samweli

Hii ndiyo hatua ngumu, na ndiyo inayorukwa na wengi wanaoandaa ibada kubwa za shukrani.

Katika 1 Samweli 12, nabii Samweli amezeeka, uongozi unakwenda kwa Sauli, naye anawaita watu wote. Haelezi aliyowafanyia. Anawauliza: nimetwaa ng'ombe wa nani? Punda wa nani? Nimemdhulumu nani, nimemwonea nani, nimepokea rushwa mkononi mwa nani? Semeni, nami nitawarudishia. Hiyo ndiyo hotuba ya kustaafu ninayoiheshimu kuliko zote, na sijawahi kuisikia ikitolewa katika ukumbi wa hoteli yoyote ya Nairobi.

Wewe huhitaji kuitoa hadharani. Ifanye kwa mtu mmoja mmoja.

Anza na fedha, maana hizo zinahesabika. Je, kuna mwenzako aliyekukopesha, ukapandishwa cheo, akaona aibu kukudai? Mlipe. Kisha angalia mikopo ya SACCO, chama chenu cha akiba na mikopo. Ukistaafu huku mkopo wako unazidi akiba yako, SACCO itakata akiba hiyo, na isipotosha wadhamini wako ndio watakaofuatwa. Hao ni watu walioweka akiba zao rehani kwa neno lako. Omba taarifa ya mkopo sasa, upige hesabu utakavyoumaliza kabla ya mshahara wa mwisho, na mwambie kila mdhamini umefikia wapi. Muumini anayemwaga machozi ya shukrani madhabahuni huku mdhamini wake amekaa benchi la nyuma akihofia akiba yake hajashukuru bado.

Halafu watu. Yule kijana uliyemzuilia mafunzo kwa sababu alikujibu. Yule karani uliyemfokea mbele ya wageni. Yule dereva uliyemkalisha garini hadi usiku wa manane, wiki baada ya wiki, bila kumuuliza anafikaje Kayole. Mwite kando, au bora zaidi, umfuate alipo. Kanuni zangu tatu: usiseme "kama nilikukosea", kwa kuwa unajua ulimkosea, usieleze sababu zako, usimwombe akufariji. Akikataa kusamehe, ni haki yake. Umefanya sehemu yako, na unyenyekevu wako hautegemei jibu lake.

Kwa Mwislamu jambo hili liko wazi sana: toba inayohusu haki ya mtu haikamiliki mpaka haki irudi kwa mwenyewe au aliyedhulumiwa asamehe.

Kuna kosa la aina nyingine ambalo lazima nilitaje. Ikiwa ulichochukua ni mali ya umma, usidhani fungu la kumi nono litaisafisha fedha hiyo. Zungumza na mchungaji, padri au imamu unayemwamini, na uzungumze pia na wakili kuhusu njia ya kuirejesha. Zakayo alirudisha mara nne, na alifanya hivyo kabla mtu yeyote hajamfungulia kesi.

Hatua ya tatu: teremka ngazi kabla hujateremshwa

Katika Torati kuna sheria ya kustaafu, na wasomaji wengi wa Biblia huipita. Hesabu 8:24-26 inasema Walawi wataingia katika utumishi wa hema wakiwa na miaka 25, na wakifika 50 wataacha kazi. Lakini aya haiishii hapo. Inasema watahudumu pamoja na ndugu zao katika kulinda, ila utumishi wenyewe hawataufanya. Mlawi mstaafu hakutupwa nje wala hakuachiwa usukani. Alibaki karibu kama msaidizi wa aliowatangulia. Naipenda sana sheria hii kwa sababu inakata pande zote mbili: inamkemea kijana anayemdharau mzee, na inamkemea mzee asiyetoka kitini.

Kwa vitendo, mwaka wako wa mwisho uwe hivi. Chai yako jichotee mwenyewe na kikombe ukioshe. Ikiwa umezoea gari la ofisi, panda matatu au basi angalau siku moja ya wiki, maana ndiyo usafiri unaokungoja, na ni afadhali ujifunze bei na vituo ukiwa bado na utani nayo. Benki na hospitalini panga foleni bila kujitambulisha. Kanisani, mwombe mtangazaji akutaje kwa jina bila cheo. Mwanzoni utahisi kama umevuliwa nguo. Subiri, kuhisi huko hupungua.

Kazi yenyewe ikabidhi ipasavyo. Mungu alimwambia Musa amwekee Yoshua mkono mbele ya kuhani na mkutano wote, na ampe sehemu ya heshima yake, hapo Musa angali hai na ana sauti. Hivyo ndivyo mrithi hupewa nguvu. Mpeleke kwenye mikutano uliyokuwa ukienda peke yako, mwache azungumze, na mtu akikugeukia na swali mwelekeze kwake. Andika mambo yasiyo kwenye faili: mgavi gani huchelewa, mteja gani hukasirika haraka lakini hulipa, ufunguo wa stoo ya zamani uko wapi. Ukificha maarifa ili wakupigie simu baada ya kuondoka, hilo ni tamaa ya kuhitajika, hata ukiliita busara.

Na ukishaondoka, usipige simu kuuliza mambo yanaendaje. Wakikuhitaji wana namba yako.

Hatua ya nne: fungua hesabu, halafu omba

Nimesikia mahubiri mengi yanayomwambia mstaafu "mwamini Mungu" bila kumwuliza pensheni yake ni kiasi gani. Mtu asiyejua hesabu zake huishi kwa hofu, na mwenye hofu hapati nafasi ya kushukuru.

Jua uko mpango gani. Mpango mpya wa pensheni wa watumishi wa umma ulianza Januari 2021: mtumishi anachangia asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi na serikali asilimia 15. Waliokuwa na miaka 45 au zaidi wakati huo waliruhusiwa kubaki katika mpango wa zamani, ambao hesabu yake ni hii: miezi ya utumishi, mara mshahara wa msingi wa mwaka, gawanya kwa 480. Chukua mtu aliyetumikia miaka 30, yaani miezi 360, na mshahara wa msingi wa shilingi 80,000. Pensheni yake ni shilingi 720,000 kwa mwaka, au 60,000 kwa mwezi. Akichagua kuchukua robo kama kiinua mgongo, anabaki na 45,000 kila mwezi. Marupurupu ya nyumba na usafiri hayamo. Ndiyo maana wengi hushtuka: walizoea kuishi kwa jumla ya mshahara, na pensheni inahesabu msingi peke yake.

Ukiwa kampuni binafsi, uliza kama mpango wenu ni wa pensheni, ambapo kwa kawaida unachukua hadi theluthi moja kwa mkupuo na iliyobaki inakulipa polepole, au ni mfuko wa akiba ambapo unaweza kuchukua zote. Angalia pia taarifa ya NSSF kama waajiri wako wote waliwasilisha michango. Kusanya mapema barua ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa kazini na za kupandishwa vyeo, kitambulisho, na PIN ya KRA. Jina likitofautiana hata kwa herufi moja kati ya kitambulisho na faili, anza kulirekebisha leo.

Sasa keti na mwenzi wako wa ndoa jioni moja, mzime televisheni, muombe, kisha uweke tarakimu hizo mezani. Zote, pamoja na deni ambalo hakulijua. Hapa ndipo unyenyekevu unapopimwa, kwa maana wanaume wengi wa kizazi chetu wangekubali kuungama kwa padri kabla ya kumwonyesha mke hati ya mshahara. Panganeni mambo matatu: mtaishi wapi, Nairobi au ushago, nani kati ya watoto na ndugu bado anategemea mfuko wenu na mpaka lini, na sadaka yenu itakuwa kiasi gani kwa kipato kipya. Waiteni watoto wakubwa siku nyingine muwaeleze kwa kifupi. Mtoto aliyezoea kutumiwa hela kila mwisho wa mwezi anahitaji kusikia mapema kwamba mto umepungua maji.

Kuhusu michango, hili la kadi za harusi, matanga na makundi ya WhatsApp: amua kiwango chako cha mwezi na ukikifikia useme, "Mwezi huu sina, lakini nitakuja." Kisha uende kweli, ukae na wafiwa. Aliyezoea kutangazwa kuwa ametoa elfu hamsini ataona haya kutoa mia tano. Vumilia haya hiyo. Mjane wa Injili alitoa senti mbili na ndiye tunayemkumbuka.

Kiinua mgongo kikiingia, usimtajie mtu kiasi. Toa sehemu ya Mungu kimya kimya, lipa madeni, na zilizobaki uziache zitulie miezi kadhaa kabla ya uamuzi wowote mkubwa. Watakuja wauza ploti, na wengine watakuja na Biblia mkononi. Ardhi yoyote ipekuliwe rasmi kabla ya kulipa hata thumuni, awe anauza muumini mwenzako au mgeni. Anayekuambia upande mbegu ya laki tano ili uvune milioni anakuuzia biashara, na biashara mbaya. Mwislamu amuulize sheikh wake zaka ya fedha hizo inahesabiwaje. Kiwango ni asilimia 2.5 ya mali iliyofikia nisabu, yaani kiasi cha chini kinachotolewa zaka, na kuzungukiwa na mwaka.

Hatua ya tano: usihamishie ofisi kanisani

Hili huwaudhi watu nikilisema. Mstaafu mwenye nguvu aliyekosa wa kumwamrisha huingia kamati ya ujenzi, halafu ya fedha, na kabla mwaka haujaisha padri anaomba ruhusa kwake. Wanakamati wengine wanajiondoa mmoja mmoja.

Ushauri wangu: mwaka wa kwanza, kataa uenyekiti wowote. Sema tu kwamba unapumzika na kujifunza. Badala yake chagua utumishi usio na kipaza sauti. Panga viti. Fundisha watoto wa shule ya Jumapili, ambao hawajui wala hawajali ulikuwa nani. Hudhuria jumuiya ndogo ndogo kila wiki, hata ikikutana kwenye nyumba ya orofa ya tano isiyo na lifti. Jiunge na chama cha wanaume au wanawake cha kanisa lako, KAMA au Mothers' Union kwa Waanglikana, CMA au CWA kwa Wakatoliki, Woman's Guild au PCMF kwa Wapresbiteri wa PCEA, na ukae kama mwanachama wa kawaida. Ukitaka kutembelea wagonjwa Kenyatta, pitia kwa makasisi wa hospitali, ufuate utaratibu wao, usiende kuhubiri wodini mtu amelala na mirija. Kwa Mwislamu, swala ya alfajiri ya pamoja msikitini ndiyo nafasi ambayo ratiba ya ofisi ilikunyima miaka mingi.

Yesu katika Luka 14 anashauri mgeni aketi kiti cha nyuma. Wewe keti papo hapo, na usikae ukisubiri uitwe mbele.

Hatua ya sita: sala za kila siku

Hapa sitarefusha. Asubuhi, kabla ya kushika simu, mshukuru Mungu kwa jina moja kutoka kwenye daftari lako na umwombee mtu huyo. Usiku, taja jambo moja la siku hiyo ulilopewa bila kulitolea jasho.

Ila usijilazimishe kutabasamu. Mzaburi wa Zaburi ya 71 anamlilia Mungu, "Usinitupe wakati wa uzee, nguvu zangu zipungukapo usiniache," na katika zaburi hiyohiyo anasifu kwa kinubi. Hofu na shukrani vinakaa katika sala moja. Huzuni ikikuzidi, ukakosa usingizi au hamu ya kula kwa wiki kadhaa, tafuta daktari au mshauri nasaha. Huko si kupungukiwa na imani.

Hatua ya saba: kuagwa

Ibada ya shukrani ni nzuri, nami huipenda. Kinachoiharibu ni hema la viti mia tano lililokodishwa kwa mkopo. Tumia ulicho nacho. Ibada ya Jumapili ya kawaida, chai na mandazi baadaye, vinatosha kabisa.

Hotuba yako isizidi dakika tano. Wataje kwa majina wanaosafisha ofisi, walinzi na madereva, kwanza kabisa, kabla ya wakurugenzi. Mshukuru mwenzi wako kwa jambo moja halisi alilolibeba. Mtaje mrithi wako na uwaombe watu wamuunge mkono. Usiwafundishe vijana kazi, usitaje shahada, na usiseme "bila mimi". Wakikusifu kupita kiasi, itikia "Asanteni" na uketi. Kubishana na sifa huwa ni njia ya kuziongeza.

Hatua ya nane: miezi ya mwanzo

Malipo ya kwanza ya pensheni huweza kuchelewa, kwa hiyo weka akiba ya chakula, kodi na dawa ya miezi kadhaa. Kuhusu matibabu: SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Ukiwa na mshahara ulikatwa asilimia 2.75. Mshahara ukikoma jukumu ni lako: unajibu maswali ya kupima uwezo wa kaya, unapangiwa kiwango, unalipia mwaka mzima mbele. Fanya hivyo wiki ya kwanza, usingoje uugue.

Utafika Bima House, barabara ya Harambee, kwenye ofisi za Idara ya Pensheni, kufuatilia faili yako. Kwenye kaunta utamkuta kijana wa umri wa mwanao ambaye hatajua ulikuwa mkuu wa nini. Msalimie, mwulize jina lake, mpe nakala zote kwa mpangilio, andika tarehe na alichokuambia. Akikosea, rudi kwa upole na uombe kumwona msimamizi. Ukimaliza mshukuru kwa jina. Umewahi kuwa upande ule wa kaunta na unajua wanaokuja na matusi faili zao huishia wapi.

Na nyumbani. Nyumba hiyo imekuwa na utaratibu wake mchana miaka yote ulipokuwa kazini. Usiulize kwa nini sufuria zimepangwa hivi, wala usimkague msaidizi wa kazi. Jumatatu ya kwanza amka saa yako ya kawaida, usali, kisha umuulize mwenzi wako kazi gani ya nyumba angependa uichukue iwe yako. Chochote atakachosema, hata kama ni kupeleka takataka langoni au kupanga foleni ya maji siku ya mgao, kianze siku hiyohiyo.